Ni mchuzi uliotiwa maji? Kuhusu albamu ya kwanza ya Lovin' Spoonful

Kuna jamaa yangu mmoja ni mgonjwa wa blues, yaani ukimwekea kitu kilichorekodiwa baada ya vita ya pili anakuangalia kama umemtilia chumvi kwenye chai. Juzi nikamwekea albamu ya kwanza ya Lovin' Spoonful, bendi ya Marekani, ile Do You Believe in Magic ya mwishoni mwa 1965. Akasikiliza nyimbo tatu akazima. "Mchuzi uliotiwa maji huu," akasema. "Wamechukua nyama ya watu wakaongeza maji mpaka ladha ikaisha, halafu wakaandika majina yao kwenye sufuria."

Nimekaa na hiyo kauli wiki nzima. Kwenye sufuria ana hoja, tena nzito, ntaifikia. Ila kwenye mchuzi naona kateleza, na sio yeye peke yake, hii lugha ya "wamepunguza makali" utaikuta kila inapotajwa hii bendi, watu wanaisema kama salamu, na inaniudhi kwa sababu anayeisema mara nyingi hajawahi kukaa chini akaisikiliza hiyo nyama yenyewe ilivyokuwa kabla ya maji.

Wenyewe walikuwa wanne. John Sebastian, kijana wa New York, ndo aliyekuwa anaimba na kutunga, anapiga gitaa na harmonika (baba yake alikuwa mpiga harmonika wa muziki wa klasiki, jina lake hilohilo, kwa hiyo harmonika ilikuwa mle ndani ya nyumba kama kijiko). Zal Yanovsky, Mkanada wa Toronto, mchekeshaji wa kuzaliwa, gitaa la umeme. Steve Boone besi, Joe Butler ngoma. Walikuwa wanapiga kwenye klabu ndogo ya Night Owl pale Greenwich Village, mtaa wa New York, na kufanya mazoezi chini ya hoteli ya Albert, kwenye besimenti yenye maji na mende. Prodyuza wao Erik Jacobsen naye alikuwa mpiga banjo. Wimbo wa jina la albamu ulifika namba 9 kwenye chati ya Marekani, lebo ikataka albamu, albamu ikatoka, nyimbo 12, nyingi hazimalizi hata dakika tatu, na karibu nusu yake ni nyimbo za zamani ambazo hawakuzitunga wao.

Hiyo nusu ndo kesi yenyewe.

Jina tu la bendi limetoka kwenye wimbo wa Mississippi John Hurt kuhusu kahawa, mzee anaimba anataka kijiko chake kimoja cha upendo, na aliyewapendekezea hilo jina ni Fritz Richmond, ambaye kazi yake kwenye bendi ya Jim Kweskin ilikuwa kupuliza mtungi. Nasema mtungi kweli, sio fumbo. Sebastian mwenyewe kabla ya hapo alikuwa kwenye Even Dozen Jug Band (jug ndo mtungi), kundi kubwa la vijana lililotoa albamu 1964, wakiwemo Maria Muldaur na David Grisman ambao baadaye kila mtu alijulikana kivyake. Kwa hiyo hawa hawakuwa wapita njia walioambiwa na kampuni "hebu chukueni blues kidogo inauza."

Sasa hoja ya jamaa yangu ukiiondolea matusi inabaki hivi. Huu muziki uliundwa na Wamarekani weusi wa Kusini ambao hawakuwa na kitu, ndo maana walipuliza mitungi na kukwaruza mbao za kufulia, na wengi wao walikufa bila kitu. Noah Lewis, yule mpiga harmonika wa ajabu wa Cannon's Jug Stompers, alikufa 1961 baada ya kuganda miguu kwa baridi mpaka ikaoza, mtu ambaye nyimbo zake bendi ya rock ya Grateful Dead walikuja kuzitia kwenye albamu yao ya kwanza 1967. Will Shade, aliyeanzisha Memphis Jug Band, alikufa Memphis 1966 akiwa maskini, na mwaka uleule Lovin' Spoonful walikuwa namba moja Marekani nzima na Summer in the City. Ukiziweka hizo habari mbili pembeni kwa pembeni huna haja ya kuwa mwanaharakati ili tumbo likuume. Halafu, anasema jamaa, hao vijana wa kizungu hata hawakuacha maumivu yabaki, wameyafuta, wamebakiza kicheko.

Hapo kwenye kicheko ndo ninapomshika shati.

Bendi za mtungi zilianzia Louisville, Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 20, zikapata umaarufu wakati wa mbio za farasi za Derby, watu wanakuja na pesa zao wanataka kuchangamshwa. Zikashuka na mto mpaka Memphis, Beale Street, na pale ndo Will Shade akaanzisha kundi lake lililorekodi kwa kampuni ya Victor kuanzia Februari 1927. Walikuwa wanapiga mtaani, wanapiga kwenye bustani, wanapiga kwenye pikiniki, wanapiga hoteli ya Peabody kwa wazungu wenye hela. Gus Cannon, kiongozi wa hao Cannon's Jug Stompers, alitumia miaka kwenye yale maonyesho ya wauza dawa, ambapo "daktari" anasimama juu ya gari anauza chupa ya dawa ya kila ugonjwa na mwanamuziki anatangulia kukusanya watu kwa vichekesho na banjo. Kazi yake ni kumfanya mtu aliyekuwa anapita zake asimame. Sasa niambie, muziki ambao kazi yake ni kumsimamisha mpita njia utakuwa wa kulia? Walipiga blues ndio, lakini walipiga pia waltz, ragtime, nyimbo za vichekesho, nyimbo za waliotoa hela na kuagiza. Ulikuwa ni pop ya mji ule. Tena pop isiyoona haya.

Na kile chombo chenyewe kichekesho nusu. Ni mtungi wa pombe, ule mzito wa udongo wenye shingo nyembamba. Mpigaji haweki mdomo pale kwenye tundu, anaushika mbali kidogo, anatetemesha midomo kama anapuliza tarumbeta, na mtungi unaipokea ile sauti unaikuza tumboni mwake inatoka nzito, buu, buu-buu, kama tuba iliyokunywa. Anayefanya vizuri anatembeza besi nzima ya wimbo. Mara ya kwanza kumwona mtu anafanya hivyo lazima ucheke, na aliyebuni alijua utacheka, na alijua ukishacheka utatafuta senti mfukoni. Hayo ndo makali anayoyadai jamaa yangu yamepunguzwa.

Na kwa sisi tunaosoma Kiswahili hiki kitu hakipaswi kuwa kigeni kabisa. Aliyewahi kuona kidumbak Zanzibar anajua sanduku: kasha la chai limepinduliwa, fimbo imesimamishwa, uzi mmoja, mtu anaivuta fimbo uzi unakaza sauti inapanda, anaiachia inashuka, na harusi nzima inacheza juu ya besi hiyo. Wamarekani weusi walifanya vilevile kwa karai la kufulia. Wataalamu wa ala wanasema mzazi wake ni ule upinde wa ardhini wa Afrika, shimo limefunikwa, uzi umefungwa kwenye mti uliopindwa. Hakuna anayemsikiliza mpiga sanduku wa Unguja akasema huyu kapunguza makali ya taarab. Tunajua kidumbak ni cha kuchezea, taarab ya kukaa na kusikiliza ipo kwake, na kila kimoja kina heshima yake. Basi na Memphis hivyohivyo. Robert Johnson, yule wa blues ya huzuni, na gitaa lake usiku ni habari nyingine, ndugu yangu, usimhukumu mpuliza mtungi kwa sheria za Johnson.

Kuna mwaka mmoja unanisumbua kwenye hii albamu, 1928, na ntaomba mnivumilie kidogo hapa.

Mississippi John Hurt, aliyewapa jina, alirekodi kwa kampuni ya santuri ya OKeh 1928. Fishin' Blues, ambayo iko kwenye albamu, ilirekodiwa na Henry Thomas wa Texas 1928, mzee aliyezaliwa 1874 ambaye alikuwa anapiga gitaa huku anapuliza filimbi za matete zilizofungwa shingoni. Blues in the Bottle, nayo iko kwenye albamu, ilirekodiwa 1928 na Prince Albert Hunt. Cannon's Jug Stompers waliingia studio mara ya kwanza 1928. Yaani ukichimba chini ya hii albamu ya vijana wa 1965 karibu kila shimo jembe linagonga mwaka uleule. Na sio bahati nasibu, ndo kipindi kampuni za santuri zilikuwa zinazunguka na mashine kutafuta sauti za kuuzia watu wa sehemu husika, kabla mdororo wa uchumi wa 1929 haujazifunga mdomo. Victor walikuwa Memphis. Ndugu zao wa HMV, lebo ileile ya mbwa anayesikiliza gramafoni, mwaka huohuo 1928 walimrekodi Siti binti Saad Bombay. Siti ambaye kabla ya uimbaji alikuwa anatembeza vyungu na mitungi anaiuza kwa sauti. (Sijengi hoja juu ya hilo, nimeshindwa tu kupita bila kulitaja.)

Sasa toa 1928 kwenye 1965. Ni miaka 37. Miaka 37 sio kitu! Ni kama kijana wa leo wa Sinza achukue nyimbo alizokuwa anapiga Remmy Ongala na Super Matimila azipigie kinanda cha kompyuta. Wazazi wake walizicheza. Hakuna atakayemwambia kaenda kufukua makaburi, ila pia hakuna atakayemkubalia akiandika kwenye lebo "wimbo wa asili, mtunzi hajulikani."

Na hiyo miaka 37 inakata pande zote mbili, ndo maana haiishi kunisumbua. Upande mmoja inaua ile picha ya kwamba hawa vijana walivamia kitu kitakatifu cha kale, mahekalu, mifupa ya mababu. Ilikuwa ni pop ya juzi tu inachukuliwa na pop ya leo, kama pop inavyofanya siku zote. Upande mwingine inaua kisingizio chao. Kwa sababu 1965 Will Shade alikuwa hai. Gus Cannon alikuwa hai, aliishi mpaka 1979. John Hurt alikuwa hai na Sebastian alikuwa amepiga naye, sio wa kumsoma vitabuni. Neno "asilia" kwenye lebo ya santuri linamaanisha wenyewe wamekufa au hawajulikani, na wengine walikuwa wanakaa Memphis wanapokea simu.

Turudi kwenye mchuzi kwanza maana sijamalizana nao.

Jamaa yangu anaiona njia ya huu muziki kama mstari mmoja: mweusi wa Kusini anaumba, mzungu wa New York anachukua. Njia yenyewe ilikuwa ya kuzunguka kuliko hivyo. Hiyo Blues in the Bottle aliyeirekodi 1928, Prince Albert Hunt, alikuwa mzungu wa Texas mpiga fidla, mtu wa kuvuka mtaa kwenda kupiga na weusi, akauawa kwa risasi Dallas 1931 nje ya ukumbi wa dansi. 1931 hiyohiyo Jimmie Rodgers, nyota mkubwa wa kantri, mzungu, alirekodi Louisville akisindikizwa na bendi ya mtungi ya Clifford Hayes, weusi. Hawa watu walikuwa wanaibiana nyimbo, wanasindikizana, wanacheka pamoja studio kisha wanatoka nje kila mtu anapanda behewa lake kwa sababu sheria ndo ilivyotaka. Ubaguzi ulikuwa kwenye behewa na kwenye mkataba. Kwenye muziki ulikuwa umeshindwa zamani.

Halafu kuna ule mzunguko wa Uingereza, huu ndo ninaupenda zaidi. Miaka ya 50 vijana wa Kiingereza walipagawa na skiffle, Lonnie Donegan na wenzake, gitaa za bei chee, ubao wa kufulia, na besi ya, ndio, sanduku la chai. Ulikuwa ni mtoto wa bendi za mtungi aliyelelewa London. Kundi la skiffle la John Lennon, Quarrymen, lilikuwa na hilo sanduku. Likakua likawa Beatles. Tarehe 9 Februari 1964 Beatles wakatokea kwenye televisheni ya Marekani, kipindi cha Ed Sullivan, na nyumbani kwa Cass Elliot (mwimbaji aliyekuja kuwa wa kundi la Mamas & Papas) walikuwa wamekaa wageni wawili wanaangalia, Sebastian na Yanovsky, ndo wanafahamiana. Mmoja anatoka bendi ya mtungi, mwingine folk, wanaangalia televisheni wanaona kitu kinachowezekana. Walichokiona ni mtungi uliokwenda Liverpool kwa meli ukarudi na nywele ndefu na umeme. Kwa hiyo ukisema Lovin' Spoonful walichukua bendi ya mtungi wakaitia Beatles, umesema kweli ila umesahau kwamba mtungi ulikuwa umo tayari ndani ya Beatles. Na haikuishia hapo, maana 1966 Paul McCartney wa Beatles aliusikiliza wimbo Daydream wa hawahawa akatoka na Good Day Sunshine, amelisema mwenyewe.

Kwa masikio yangu albamu ikoje? Haiko sawasawa, nisidanganye.

Wimbo wa kwanza ule wa jina la albamu unafunguliwa na autohapu, kile kinubi cha vitufe ambacho walimu wa shule Marekani walikitumia kuimbisha watoto, yaani chombo cha darasani kabisa, na Sebastian amesema alichukua mpando wa chords (sauti zinazopigwa pamoja kwenye gitaa) za Heat Wave, wimbo wa Martha and the Vandellas wa lebo ya Motown, akauharakisha. Angalia hizo malighafi: chombo cha darasa la watoto, mpando wa Motown, mdundo wa kutembea kama wa Beale Street, na hadithi yake ni binti wa miaka kama 16 waliyemwona anacheza pale Night Owl katikati ya mabitiniki (wale wasomi wa mikahawani wa miaka hiyo) wakubwa waliozoea kukaa na kutikisa kichwa taratibu. Kuchukua chombo kisichoheshimika ukakipa kazi ya heshima, hiyo ndo akili ya mtungi yenyewe, hata kama besi sasa inabebwa na Boone na amplifaya yake.

Fishin' Blues waliifanya ya kuchekacheka, na jamaa yangu alizima hapohapo. Lakini nenda kamsikilize Henry Thomas. Mzee wa zaidi ya miaka 50, mtu wa kudandia treni, anaimba anakwenda kuvua samaki na yale matete yanalia juu kama ndege asubuhi, hakuna hata chembe ya kilio! Ukimlinganisha, Spoonful ndo wamekuwa wazito kidogo. Na Did You Ever Have to Make Up Your Mind?, iliyofika namba 2 mwaka uliofuata, ni ya Sebastian mwenyewe lakini ndo ya kibendi-cha-mtungi kuliko zote: kijana hajui amchague binti yupi, akiamua wa kwanza anapita wa pili, kisha anatokea baba mtu anamwambia kijana nenda nyumbani ukaamue kwanza. Ni kichekesho cha dakika mbili kilichopangwa kama kile cha muuza dawa, kila ubeti unamkaza msikilizaji asiondoke.

Sasa Sportin' Life, hapo nampa jamaa yangu pointi zake zote. Ni blues ya taratibu, dakika nne, mtu aliyechoka na kamari na usiku. Sebastian alikuwa na miaka 21. Anaimba vizuri, kwa adabu, kila noti mahali pake, na huamini hata neno moja. Huo ni mchuzi wenye maji kweli. Wimbo wa mwisho, Night Owl Blues, hauna maneno, na ajabu ndo wanapopata uzito walioutafuta, harmonika inatembea bila haraka na hakuna anayejifanya mzee. Kuna na You Baby, ya watunzi wa pop Spector, Mann na Weil, ambayo sijui inafanya nini humu, ni kama mgeni aliyekosea harusi.

Na sasa sufuria.

Kuna wimbo unaitwa Younger Girl. Mzuri mno, laini, wa majira ya joto, The Critters wakaurudia 1966 nao ukaingia kwenye chati. Kwenye albamu mtunzi ameandikwa John Sebastian. Tafuta Prison Wall Blues ya Cannon's Jug Stompers ya 1930 uisikilize sekunde 20 tu. Ni melodi ileile. Maneno mengine, hadithi nyingine, pale mtu yuko gerezani na hapa mtu anamfikiria binti, lakini njia sauti inayopita ni moja, na Sebastian hajawahi kuificha, wanaoufuatilia huu muziki wote wanajua. Kujua ni kitu kimoja, na jina kwenye lebo ni kitu kingine, kwa sababu mrabaha unafuata jina.

Watetezi wana majibu, na baadhi sio ya kipuuzi. Wanasema kubadilisha maneno juu ya melodi ya zamani ndo desturi yenyewe ya folk na blues, Cannon naye alichukua kwa wengine, Woody Guthrie, yule mwimbaji wa folk, alijenga nyimbo zake nyingi hivyohivyo. Kweli. Wanasema pia sheria ya Marekani wakati ule, ya 1909, ilikuwa inampa mtunzi miaka 28 halafu lazima aombe tena, na mtu asiye na wakili hakujua hata kuna kuomba. Kweli. Na la tatu ndo zito: tuseme wangeandika Cannon, hela ingemfikia? Ralph Peer, aliyesimamia rekodi za Victor kule Kusini, alikuwa amekubaliana na kampuni asilipwe mshahara kwa kubakiziwa haki za nyimbo, na 1928 akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji kwa ajili hiyo. Mtungi ulikuwa umetobolewa mapema, kwenye meza ya mkataba, miaka mingi kabla ya kijana yeyote wa Night Owl kushika gitaa. Hivyo ukitaka kumtafuta mwizi wa kwanza usianzie Night Owl.

Mimi haya yote nayakubali na bado hayanitoshi. Kwa sababu mfano ulikuwepo, tena wa jirani kabisa. Mwanzoni mwa 1963 Rooftop Singers waliifikisha Walk Right In namba moja, wimbo wa Gus Cannon wa 1929. Mzee alikuwa Memphis, banjo yake ameiweka rehani kwa sababu ya gharama za kuwasha moto majira ya baridi. Ule wimbo ulipovuma watu wakauliza huyu Cannon ni nani, wakamkuta hai, na Stax, lebo ya soul ya hapohapo Memphis, wakamwingiza studio 1963 akiwa na karibu miaka 80 wakamrekodi albamu, Will Shade pembeni anapuliza mtungi. Jina tu. Jina lilimtoa mtu baridi likamrudisha studio. Hakutajirika, lakini alirekodi. Na kila mtu wa Village aliijua hiyo hadithi. Kwa hiyo miaka miwili baadaye kuandika jina moja kwenye Younger Girl badala ya mawili sio dhambi kubwa ya karne, ila pia haikuwa kutojua.

Ndo maana nasema jamaa yangu amepiga sehemu mbili na moja tu ndo ilikuwa na mtu. Akisema albamu imeufanya muziki wa huzuni kuwa wa furaha, sikubali, huo muziki ulikuwa wa furaha na ulikuwa wa biashara tangu siku ya kwanza, na hao vijana waliusoma sawasawa kuliko wengi wa wakati wao walioona blues lazima ikunje uso. Akisema wenyewe hawakuandikwa, nakubali, na kosa hilo lingerekebishwa kwa wino wa neno moja bila kugusa hata noti. Kinachonishangaza ni kwamba wanaoishambulia hii albamu hutumia nguvu zao zote kwenye la kwanza, ladha, sauti, uzungu, na la pili wanalitaja mwishoni kama nyongeza, wakati la pili ndo lililokuwa na hela ndani yake.

Jana nikamtumia jamaa Prison Wall Blues bila maelezo, nikamwambia asikilize tu. Akarudisha meseji: "Hii sasa ndo nyama!" Dakika tano baadaye nikamtumia Younger Girl. Kimya. Tiki mbili za bluu. Usiku saa nne ndo akajibu, "We umeniharibia wimbo," nami mpaka sasa sijamuuliza ni upi kati ya hiyo miwili.